Lefebvre, Fabre, Faure, Favre: jina moja la mhunzi na njia zake nyingi

Ukikutana na jina Lefebvre kwa mara ya kwanza lazima ukwame kwenye ile b. Usihangaike nayo, haitamkwi, jina linasomwa "lefevr" basi, na Mfaransa anayeitwa Lefèvre bila b anatamka hivo hivo. Sasa hapo ndo maswali yanapoanza, maana sisi tunaofanya kazi na nyaraka za koo tunaulizwa sana kama Lefebvre na Lefèvre ni ukoo mmoja, kama Faure ni ndugu wa Fauré, kama mtu akiwa na jina la Kifaransa ndo tayari ana babu Mfaransa. Majibu yake yako kwenye historia ya jina lenyewe na ni historia inayostahili kuelezwa taratibu, kwa sababu watu wanajenga shajara nzima za ukoo juu ya herufi mbili tatu halafu zinakuja kuanguka.

Mwanzo wake ni Kilatini. Warumi walimwita fundi anayefanya kazi ya vitu vigumu faber, na kadiri miaka ilivyoenda kule Gaul, yani Ufaransa ya zamani, neno hilo likabaki kwa fundi mmoja, mhunzi. Kilatini kilipovunjika kikawa lugha nyingi za mitaani kila eneo likalitamka neno kwa namna yake. Kaskazini a ikageuka e na b ikawa v, ikatoka fèvre, ukiweka le mbele unapata Lefèvre, yani "yule mhunzi". Kusini, kwenye lugha ya Kioksitani, a ikabaki pale pale, wengine wakasema fabre na wengine wakasema faure. Savoie na upande wa Uswisi wanakoongea Kifaransa ikawa favre. Magharibi, maeneo ya Nantes na Le Mans, unakuta Lefeuvre. Gascony huko kusini-magharibi wana tabia ya kuifanya f ya Kilatini kuwa h, kwa hiyo kuna familia zinaitwa Haure, na mtu asiyejua hawezi kabisa kudhani kuwa Haure na Lefebvre ni neno lile lile. Na pale ambapo lugha ya wenyeji haikutokana na Kilatini mhunzi akapata jina lingine kabisa, Brittany ni Le Goff, Alsace ni Schmitt.

Kwa nini limeenea hivo? Kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi na hakikuweza kuishi bila yeye. Jembe, shoka, mundu, bawaba za mlango, misumari, viatu vya farasi, vyote vilipita kwenye moto wake. Kuanzia karne ya 11 hadi ya 13 watu waliongezeka halafu majina ya ubatizo yakawa machache mno, kijiji kizima kina akina Jean na Pierre, ikabidi waongezewe kitu cha kuwatofautisha. Wengine wakaitwa kwa baba (Martin, ambalo ndo jina la ukoo linaloongoza Ufaransa kwa wingi), wengine kwa mahali kama Dupont wa darajani na Dubois wa msituni, wengine kwa umbo kama Petit na Legrand, na wengine kwa kazi. Jean mhunzi akafa, mwanae akabaki na jina hata kama yeye analima tu. Sasa wahunzi walikuwa maelfu na hawakujuana, kila mmoja ameanzisha ukoo wake peke yake kwenye kijiji chake, na hii ndo sababu kubwa ya kusema kwamba watu wawili wenye jina hili, hata likiandikwa sawa herufi kwa herufi, kwa kawaida hawana undugu wowote.

Turudi kwenye b. Wakati wa zama za kati makarani walikuwa wamesoma Kilatini na walipenda kuonyesha asili ya neno, kwa hiyo wakairudisha b ya faber kwenye maandishi ingawa mdomoni ilishakufa karne nyingi. Tena kipindi hicho u na v zilikuwa herufi moja, zinaandikwa sawa, kwa hiyo kuna familia ambazo baadaye zilisoma maandishi yao wenyewe kwa u na zikaanza kujiita Lefébure, tamko ambalo mababu zao hawakuwahi kulitumia. Yani kalamu ya karani imebadilisha ulimi wa familia. Mimi naona hapa ndo pazuri kuliko pote kwenye somo hili lote, jina limetokea kwenye maandishi likaingia mdomoni wakati siku zote tunadhani ni kinyume chake.

Neno lenyewe fèvre limeshakufa kwenye Kifaransa cha leo, mhunzi anaitwa forgeron. Limebaki ndani ya orfèvre, yani sonara, na ndo maana Paris kuna ile barabara ya kandokando ya mto inayoitwa Quai des Orfèvres, iliyojulikana kwa makao ya polisi wa upelelezi.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Mwaka 1539 mfalme Francis wa Kwanza alitoa amri ya Villers-Cotterêts iliyotaka maparokia yaweke daftari za ubatizo na hati za kiserikali ziandikwe kwa Kifaransa. Septemba 1792 Mapinduzi ya Ufaransa yakaondoa kazi hiyo kanisani ikaenda kwa serikali za vijiji na miji, na Agosti 1794 ikatoka sheria kwamba raia haruhusiwi kutumia jina tofauti na lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kabla ya hapo padri mmoja anaweza akaandika Lefebvre kwa kaka na Lefèvre kwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Baada ya hapo tahajia ikaganda.

Sasa watu. Ukiangalia wenye majina haya ramani ya lugha inajionyesha yenyewe. Georges Lefebvre, mwanahistoria aliyechunguza wakulima na ile hofu kubwa ya vijijini ya mwaka 1789, alizaliwa Lille 1874, kaskazini kabisa. Jirani hapo Tourcoing akazaliwa Marcel Lefebvre 1905, aliyekuja kuwa mmisionari Gabon na baadaye askofu mkuu wa Dakar, na mwaka 1988 akawaweka wakfu maaskofu wanne huko Écône Uswisi bila idhini ya Papa, jambo lililomfanya atengwe na Kanisa. Kusini unampata Jean-Henri Fabre, mtoto wa wakulima maskini wa Saint-Léons mkoa wa Aveyron, 1823, ambaye alikaa miaka na miaka akitazama mavi ya ng'ombe yanavyoviringishwa na mende na nyigu wanavyowinda, kwa uvumilivu ambao hata Darwin aliusifu, na nyumba yake ya Sérignan ni makumbusho mpaka leo. Gabriel Fauré naye ni wa kusini, Pamiers, 1845, mtunzi wa ile Requiem tulivu inayoimbwa na kwaya dunia nzima, alikuwa mwalimu wa Ravel na aliongoza chuo cha muziki cha Paris kuanzia 1905 mpaka 1920 huku masikio yakimwishia. Kile kialama juu ya e kinafanya jina lisomwe "fore" wakati Faure bila alama ni "for".

Wakatoliki wenzetu mtamjua Mtakatifu Petro Faber. Huyo ni Pierre Favre, mchungaji wa kondoo kutoka milima ya Savoie aliyezaliwa 1506, akaenda kusoma Paris akalala chumba kimoja na Fransisko Ksaveri halafu akaja Ignasi wa Loyola, na tarehe 15 Agosti 1534 pale Montmartre yeye ndo aliyeongoza misa ya nadhiri zao, zile zilizokuja kuzaa shirika la Wajesuiti, kwa kuwa kati yao alikuwa padri peke yake. Papa Fransisko, Mjesuiti mwenzake, alimtangaza mtakatifu Desemba 2013. Jina lake likiandikwa Kilatini linarudi kuwa Faber, kama lilivyokuwa kwa msomi Jacques Lefèvre wa Étaples aliyetafsiri Biblia kwa Kifaransa, Agano Jipya likatoka 1523 na Biblia nzima 1530. Jina limezunguka miaka elfu na zaidi, wasomi wakalirudisha lilikotoka.

Ila ramani isikudanganye. François Joseph Lefebvre, jemadari wa Napoleon aliyeuteka mji wa Danzig mwaka 1807 akapewa udyuki kwa jina la mji huo, ana tahajia ya kaskazini kabisa lakini alizaliwa Rouffach, Alsace, na mkewe Catherine alikuwa dobi kabla ya kuwa mke wa mkubwa. Henri Lefebvre, mwanafalsafa ambaye mwaka 1968 alileta ile hoja ya haki ya mji, yani kwamba mji ni wa wakazi wake wote, inayotajwa sana na wataalamu wa mipango miji, alizaliwa Hagetmau kusini-magharibi, karibu na walipo akina Haure. Watu wanahama, wanaenda jeshini, wanaoa mbali.

Félix Faure, mfanyabiashara wa ngozi wa Le Havre, alikuwa rais wa Ufaransa kuanzia 1895 mpaka alipofia ikulu Februari 1899. Kwake ndo ilielekezwa barua ya wazi ya mwandishi Zola kuhusu kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi aliyesingiziwa usaliti, Januari 1898, na mwaka huo huo serikali yake ikakaribia vita na Waingereza kwa sababu ya Fashoda, kituo kwenye Mto Nile ambacho leo kiko Sudan Kusini.

Na hapa kwetu Bahari ya Hindi kuna Danny Faure, rais wa Ushelisheli 2016 hadi 2020. Alizaliwa 1962 Kilembe, mji wa migodi ya shaba magharibi mwa Uganda, wazazi wake Washelisheli. Aprili 2019 alishuka baharini ndani ya chombo zaidi ya mita 120 karibu na kisiwa cha Desroches akaihutubia dunia kutoka huko chini kuomba bahari zilindwe. Ushelisheli ilitawaliwa na Wafaransa kabla ya Waingereza, ndo maana majina ya Kifaransa yamejaa, lakini tusisome jina kama kipimo cha damu. Visiwa vile vilijazwa na watu waliotolewa kwa nguvu Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliandikishana na sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Utumwa ulipofutwa kisiwa cha Réunion Desemba 1848, zaidi ya watu 60,000 walikuwa hawana jina la ukoo kwenye makaratasi na makarani ndo waliowaandikia, mengine yakatungwa pale pale kwa kuchanganya herufi tu. Kwa hiyo mtu wa visiwani mwenye jina la Kifaransa anaweza akawa na babu wa Savoie, anaweza akawa na bibi wa Kilwa, anaweza akawa na wote wawili, na jina peke yake haliwezi kukuambia. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito, kuna familia zimepoteza upande wao wa Afrika kwa sababu tu jina lao limeandikwa vizuri Kifaransa.

Jina pia halithibitishi kazi. Wanaosoma Ratibu ya Haddad, yani ule mkusanyo wa dhikri na dua, kuanzia Lamu mpaka Zanzibar wanajua ni ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim huko Yemen, na Haddad ni mhunzi kwa Kiarabu, lakini inasimuliwa kwamba babu yao alipata jina hilo kwa kupenda kukaa kwenye duka la mhunzi, sio kwa kufua chuma. Ufaransa nako karani alikuwa anaweza kumwandika mtu hivo kwa sababu anaishi jirani na mhunzi au ameoa binti yake.

Marekani jina limepata maisha mengine. Ndugu wawili Lefevre walikuwa kati ya Wahuguenoti, yani Waprotestanti wa Kifaransa, walioanzisha New Paltz jimbo la New York mwaka 1678. Brett Favre, yule kota-beki (mrusha mpira) wa Green Bay Packers, timu ya mpira wa Kimarekani, aliyekulia Mississippi, anaitwa "farv", herufi mbili zimepishana mdomoni na imeshakuwa hivo moja kwa moja.

Kwa anayetaka kufuatilia wa kwake, usianze na jina, anza na kijiji. Daftari za Ufaransa zimepangwa kwa kijiji au mji, na karibu kila mkoa umeweka picha zake kwenye intaneti bure, tafuta "archives départementales" ukiongeza jina la mkoa. Kuna faharisi za miaka kumi kumi zinaitwa "tables décennales", hizo zinakuokolea muda mwingi. Vizazi na ndoa vinafunguliwa kwa umma baada ya miaka 75, vifo havina kusubiri. Unapotafuta kwenye tovuti za nasaba kama Geneanet andika tahajia zote moja baada ya nyingine, Lefebvre, Lefèvre, Lefébure, Lefeuvre, Fèvre, usiamini ile iliyo kwenye paspoti yako. Kama wako walitoka Paris kabla ya 1860 ujue daftari ziliungua Mei 1871 wakati wa Komuni, yani uasi wa watu wa Paris dhidi ya serikali, na ni kama theluthi tu zilizoandikwa upya, kwa hiyo usipomwona babu hapo nenda kwenye mikataba ya ndoa ya manotari iliyotunzwa Archives nationales (nyaraka za taifa), hiyo haikuungua.