Si mwongoza ndege peke yake anayezuia ndege zisigongane

Wengi huamini kwamba mwongoza ndege ndiye anayezitenganisha ndege zote angani, na rubani kazi yake ni kutii tu. Si kweli.

Anga imegawanywa katika madaraja, A hadi G. Katika daraja A, mwongoza ndege hutenganisha kila ndege na nyingine, kwa kawaida futi 1,000 kwenda juu au, kwa rada, takribani maili 5 za baharini kwa mlalo. Katika daraja G hakuna anayekutenganisha. Rubani hutazama nje na kukwepa mwenyewe. Katikati wajibu huchanganyika. Kwenye daraja D, rubani anayeruka kwa kutegemea macho hupewa tu taarifa za ndege zilizo karibu, ingawa anazungumza na mnara wa kuongozea ndege. Hapo ndipo dhana hii inapokuwa hatari: kusikia sauti redioni si kulindwa.

Wajibu pia huweza kuhama safarini. Rubani akisema anaiona ndege iliyo mbele, na akakubali kuifuata kwa macho, umbali kati yao unakuwa mikononi mwake.

Na mtambo wa kuzuia migongano, TCAS, ukiamuru kupanda au kushuka, rubani huufuata hata mwongoza ndege akisema vingine. Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, marubani wa ndege moja walishuka kwa agizo la mwongozaji huku mtambo ukiwaambia wapande. Ndege hiyo iligongana na nyingine, na watu 71 wakafa.