Ukianza kujifunza stili, wasikilize hawa kwanza

Usianze na Buddy Emmons. Najua wapigaji wenzangu watanikunjia uso kwa kusema hivyo, maana huyu bwana wa Indiana, Marekani, aliyezaliwa 1937 na kututoka 2015, aliifikisha stili, lile gitaa la kulazwa lenye pedali, mahali ambapo wengine hawakujua hata kwamba papo. Nami nampenda sana. Lakini wanafunzi wangu wawili walioanza na albamu yake ya jazi ya mwaka 1963 walizifunika stili zao kwa shuka kabla ya kufika mwezi wa tatu, na mimi mwenyewe niliwahi kupotea njia hiyo hiyo.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nikipiga na bendi moja ya kantri Nairobi. Nilikuwa nimeshika vipande kadhaa vya kasi, na kila palipokuwa na upenyo nilivitumbukiza. Tulipopumzika, mama aliyekuwa akiimba alivuta kiti akakaa kando yangu, akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi sijamaliza kusema na wewe umeshajibu." Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Usiku ule nilizisikiliza upya rekodi zangu zote, safari hii nikitafuta mahali ambapo mpiga stili amenyamaza. Majina ninayokupa leo yametoka huko.

Kwa aliyeiona stili kwenye picha tu: ni gitaa lililolazwa juu ya miguu minne kama meza nyembamba, lina nyuzi 10, na hakuna kidole kinachozikandamiza. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Wa kulia umevaa kucha tatu za kupigia, moja ya gumba na mbili za vidole. Mguu wa kushoto uko kwenye pedali tatu, wa kulia uko kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti, na magoti yanasukuma nyenzo zilizoning'inia chini ya meza. Waliowahi kumtazama mpiga kanuni wa taarabu kule Unguja watauona udugu fulani: chombo kimelala, kucha zimevaliwa, na vijiwenzo vya kurekebisha nyuzi viko ubavuni. Lakini mpiga stili ana uwezo mmoja mkubwa zaidi, wa kuigeuza noti wakati bado inalia, akiivuta taratibu kama mwimbaji anavyopandisha sauti ndani ya silabi moja.

Uwezo huo uliingia masikioni mwa watu kwa wimbo mmoja. Mwaka 1954 mwimbaji wa kantri Webb Pierce alitoa "Slowly", na kwenye stili alikuwa Bud Isaacs. Pedali zilikuwepo kabla yake, ila wengi walizitumia kubadilisha mpangilio wa nyuzi kati ya kipande kimoja na kingine. Isaacs aliikanyaga pedali wakati nyuzi bado zinalia. Baada ya rekodi ile kushika namba moja, wapiga stili wa Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, na kwingineko walihangaika kufunga pedali kwenye vyombo vyao ili waupate mlio ule.

Utaupata nyumbani kwa dakika moja. Weka chuma kwenye freti ya 3, yaani mstari wa tatu uliochorwa chini ya nyuzi, ukiwa na mpangilio wa nyuzi uitwao E9, piga uzi wa 4, wa 5 na wa 6. Hiyo ni kodi (noti zinazolia pamoja) ya G: uzi wa 6 unatoa B, wa 5 unatoa D, wa 4 unatoa G. Sasa kanyaga pedali mbili ziitwazo A na B kwa pamoja, polepole, kama unakamua chungwa. D inapanda kuwa E, B inapanda kuwa C, na ile G ya juu inabaki palepale haijatikisika. Umefika kodi ya C na mkono wako haujasogea hata kidogo. Sikiliza safari yenyewe, sio mwisho wake. Noti mbili zinapanda kwa umbali usio sawa, moja hatua nzima na nyingine nusu hatua, na katikati ya safari hiyo kuna kilio ambacho sijakisikia kwenye chombo kingine chochote. Nimekaa na mwanafunzi saa nzima kwenye nyuzi hizo tatu, na sikuona kama tumepoteza muda.

Ukishakijua kilio hicho kwa mguu wako, nenda kwa Tom Brumley. Alikuwa kwenye bendi ya mwimbaji Buck Owens, na mwaka 1964 walitoa "Together Again", uliowekwa upande wa pili wa sahani ya "My Heart Skips a Beat". Pande zote mbili zilishika namba moja. Maneno ya wimbo yanasema wapenzi wamerudiana na machozi yamekauka, lakini ukiusikiliza unahisi huzuni tupu, na kinacholeta huzuni hiyo ni stili. Solo ya Brumley ni fupi na haina kasi yoyote. Kila noti inazaliwa kutoka ndani ya iliyotangulia, na pedali ya sauti inaipokea inapoanza kufifia ili isife mapema. Ningekuwa na uwezo, kila anayenunua stili angekabidhiwa solo hii pamoja na funguo za sanduku.

Baada yake ni Lloyd Green, na huyu huenda umemsikia maisha yako yote bila kujua jina lake. Kwetu Kenya mwimbaji wa kantri Charley Pride ni kama mtu wa nyumbani, na stili iliyo nyuma ya sauti yake kwenye rekodi nyingi za mwanzo ni ya Green. Tafuta albamu iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Panther Hall, Fort Worth, Texas, ikatoka 1969. Hapo hakuna mapambo ya studio, bendi ni ndogo, na unaweza kumfuata Green mstari kwa mstari. Pride anapoimba, yeye hashindani naye. Sentensi ikiisha, anaingia na noti tatu au nne, kisha anaondoka mwimbaji hajavuta pumzi ya pili. Mwaka mmoja kabla, 1968, huyohuyo ndiye aliyefungua albamu ya The Byrds, "Sweetheart of the Rodeo", vijana wa roki wa California wakapata mlio wa Nashville kutoka mikononi mwake. Mimi ninapokwama studio, najiuliza Green angeacha nini, na mara nyingi jibu ni nusu ya nilichopanga kupiga.

Ralph Mooney ni wa ladha nyingine, ya kuchangamka na kurukaruka. Msikilize kwenye nyimbo za Merle Haggard za 1966 kama "The Bottle Let Me Down", halafu miaka yake na Waylon Jennings. Mooney pia ni miongoni mwa watunzi wa wimbo wa "Crazy Arms". Pete Drake mpe jioni moja: stili ya "Stand by Your Man" ya Tammy Wynette ni yake, na George Harrison wa The Beatles alimwita London mwaka 1970 arekodi naye.

Kuna mkondo mwingine ambao wapenzi wa kantri huupita bila kuuona, nami nakusihi usiupite. Katika makanisa ya House of God kule Marekani, waumini weusi wamekuwa wakisifu kwa stili tangu miaka ya 1930. Willie Eason aliifanya iige sauti ya mwimbaji wa injili, na baadaye akina Chuck Campbell na Robert Randolph wakaiendeleza kwa pedali. Pale chombo hakimsindikizi mtu. Chenyewe ndicho kinachohubiri, na kusanyiko linakiitikia.

Na Afrika tunaye wetu. Demola Adepoju wa Nigeria alipiga stili kwenye bendi ya King Sunny Adé, na ulimwengu ukamsikia kupitia albamu ya "Juju Music" ya 1982. Stili yake inaelea juu ya ngoma zinazozungumza, haina haraka, inajitokeza kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Miaka minne baadaye mwimbaji wa Marekani Paul Simon akamweka kwenye wimbo wa "Graceland". Mwanafunzi akiniambia stili ni ya wazungu wenye kofia pana, simjibu kwa maneno, namwekea Adepoju.

Sasa ndipo unaweza kumrudia Emmons, na umwingie kwa mlango wa mwimbaji Ray Price, kwenye albamu ya "Night Life" ya 1963. Pale yuko nyuma ya mwimbaji, na utatambua kwamba ule uwezo wote wa jazi umesimama juu ya adabu ileile ya Brumley na Green. Tena chombo unachokikalia kina alama yake: nyuzi mbili za kwanza kwenye E9, ile ya F# na ile ya D#, aliziongeza yeye mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa wiki hii nataka jambo moja tu. Chukua solo ya "Together Again", isikilize asubuhi na jioni, na uiimbe kwa mdomo pamoja na kila mvuto na kila mnyamao wake. Waliomo nyumbani watakuzoea. Siku utakayoiimba yote rekodi ikiwa imezimwa, vaa kucha, weka mguu kwenye pedali ya A, utafute noti ya kwanza.