Je, wajua kwa nini mpiga kura wa mwaka 1958 alilazimika kuchagua wajumbe watatu wa rangi tatu?

Mkazi wa Tabora anayekwenda kituoni siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Akitaka, anaweza kuweka alama kwenye karatasi ya mbunge peke yake na nyingine akazitumbukiza tupu. Kura yake ya mbunge itahesabiwa vilevile. Mwaka 1958 mambo hayakuwa hivyo. Aliyepiga kura katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora na ambalo Kigoma ilikuwa ndani yake (wakati huo neno jimbo lilikuwa na maana ya eneo kubwa kuliko hata mkoa wa leo), alitakiwa kuchagua watu watatu wa kuingia katika baraza lile lile moja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akimchagua Mwafrika peke yake na kuwaacha wale wawili, kura yake yote iliharibika. Uchaguzi huo umebaki katika historia yetu kwa jina la Kura Tatu.

Sababu ya utaratibu huo ni lazima itafutwe ndani ya baraza lenyewe. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, enzi za Gavana Donald Cameron, na kwa miaka 19 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Machame. Ilipofika mwaka 1955, Gavana Edward Twining aliligawa upya kwa kile alichokiona kuwa ni haki: viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Tukiiweka haki hiyo kwenye mizani ya sensa ya mwaka 1957, inajionyesha yenyewe. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa kama elfu 20. Kwa hiyo kiti kimoja cha Mzungu kilisimama kwa niaba ya watu wapatao elfu mbili, na kiti kimoja cha Mwafrika kwa niaba ya watu zaidi ya laki nane.

Serikali ilipokubali hatimaye kwamba wajumbe wachaguliwe badala ya kuteuliwa, iliubakiza mgawanyo huo na kuongeza sharti la kura tatu. Hoja yake ilikuwa kwamba mgombea atakayelazimika kuomba kura kwa watu wa rangi zote hataweza kusimama na madai ya upande mmoja, na kwa hiyo watakaopita watakuwa watu wa wastani. Watu hao wa wastani walitarajiwa kutoka katika chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali ili kukabiliana na TANU, chama cha Waafrika kilichodai uhuru.

Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, na juu ya hapo awe na elimu ya kiwango kilichowekwa, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika cheo kama cha uchifu. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Karani wa reli pale Tabora huenda alifikia kiwango hicho, lakini mpakiaji mizigo katika bandari ya Kigoma, au mkulima aliyelima ekari zake bila msaada wa trekta wala ng'ombe, hakukifikia. Nchi nzima waliandikishwa watu wapatao 60,000 tu. Tena wengi wa Waafrika wenye elimu iliyotakiwa walikuwa watumishi wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU.

Ndiyo maana mkutano mkuu wa TANU uliokutana Tabora mwezi Januari 1958 ulianza kwa hasira. Julius Nyerere aliujua mji huo vizuri, kwa kuwa alisoma katika shule ya serikali ya wavulana na baadaye akafundisha St. Mary's papo hapo Tabora, lakini wajumbe wengi waliomsubiri ukumbini walikuwa wamekuja kususia. Kushiriki, walisema, ni kuutia muhuri ubaguzi. Nami nikiisoma hoja yao leo naiona ni hoja ya heshima, wala haikuwa ya watu wasiofikiri. Jibu la Nyerere lilikuwa kwamba TANU ikisusia, UTP itavichukua viti vyote bila jasho, na kuanzia siku hiyo serikali itakuwa na baraza lililochaguliwa la kuonyesha dunia kwamba Tanganyika haiitaki TANU. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali kushiriki, na azimio hilo likaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaunda chama chake, African National Congress.

Kilichofuata ndicho kiini cha jambo lenyewe. Sharti la kura tatu lilikuwa na upenyo ambao waliolitunga hawakuuona. Ikiwa kila Mwafrika analazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, basi Mzungu na Mwasia hawawezi kupita bila kura za Waafrika. Chukua mpiga kura mmoja wa TANU mjini Tabora. Kama angepewa kura moja, angeamua kiti kimoja. Sasa alipewa tatu kwa nguvu, na kwa hiyo alikuwa na sauti katika viti vyote vitatu vya jimbo lake. TANU ilichohitaji ni kuwatafuta Waasia na Wazungu waliokubaliana na madai ya uhuru, kuwatangaza kwa wanachama wake, na kuhakikisha kila mmoja anajua majina yote matatu kabla hajaingia kituoni. Wagombea hao hawakuwa wanachama, kwa sababu wakati huo TANU ilikuwa bado ya Waafrika peke yao.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Katika Jimbo la Mashariki, Nyerere alimshinda Patrick Kunambi, na kiti cha Mwasia kikaenda kwa Amir Jamal. Kaskazini aliingia Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe naye aliingia barazani, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa wajumbe watano waliochaguliwa waliopewa uwaziri. Watu walioungwa mkono na TANU walichukua viti karibu vyote, na UTP ikafa. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa amekwisha kutamka mwezi Oktoba 1958 kwamba serikali ijayo itakuwa na Waafrika wengi.

Kura Tatu haikurudiwa tena. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 masharti ya mpiga kura yalilegezwa, baraza likawa na viti 71, na TANU ikavipata 70. Mwaka 1965, mpakiaji wa Kigoma ambaye miaka saba nyuma alizuiwa kwa kukosa shilingi 3,000 aliingia kituoni bila kuulizwa mapato yake, akachagua kati ya wagombea wawili, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine mwenye alama ya nyumba.