Kidude chako cha PM2.5 hakihesabu moshi wa barabara

Kila mara natumiwa picha ileile: mteja kanunua kidude cha kupima hewa mtandaoni, kakiweka barazani Tabata, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Barabara ya Mandela, kinaonyesha PM2.5 ni 14, rangi ya kijani. Chini kaandika, "Mtaalamu, si unaona hewa ni safi?"

Sioni. PM2.5 ni uzito wa chembe za hewani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, na chembe laini mno za ekzosi, zile zisizofika nanomita 100, hazina uzito wa maana. Piga hesabu: chembe moja ya mikromita 2.5, yaani nanomita 2,500, ina kipenyo mara 25 ya chembe ya nanomita 100. Zikiwa za kitu kilekile, unahitaji 25 × 25 × 25, yaani 15,625 za hizo ndogo, ili mizani ilingane. Ni sawa na kutaka idadi ya mbu chumbani kwa kuwapima kilo.

Tena kidude chenyewe hakizioni. Kinamulika hewa kwa leza na kusoma mwanga unaotawanyika. Chini ya takriban nanomita 300 mwanga huo ni hafifu mno. Mashine za kuhesabu chembe hupitisha hewa kwenye mvuke, mara nyingi wa alkoholi, hadi kila chembe ivimbe kuwa tone, ndipo leza ihesabu. Ni ghali, na ukiinamisha, alkoholi ikiingia kwenye leza, kazi ya siku imeharibika. Lori la dizeli likipita, hesabu inaruka kutoka elfu kadhaa hadi makumi ya elfu kwa sentimita ya ujazo, kisha inashuka kabla hujamaliza kuandika. Pembeni, kidude kinaendelea: 14, 15, 14.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 halikuweka kikomo cha chembe hizi, ila lilitoa mwongozo: wastani wa saa 24 chini ya chembe 1,000 kwa sentimita ya ujazo ni kiwango kidogo, wastani wa zaidi ya 10,000 kwa siku, au 20,000 kwa saa moja, ni kikubwa. Kabla ya kununua, muulize muuzaji: kinahesabu au kinakadiria uzito? Akianza habari za rangi za skrini, ondoka.

Halafu zinakuja hoja za wateja. "Gari halitoi moshi mweusi." Chembe ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga huzioni kwa macho. Basi.

"Nyumba iko mita 300 ndani." Mchana, sawa: vipimo vya barabara kuu za Los Angeles vilionyesha hesabu inakaribia kawaida kwenye umbali huo. Lakini kabla ya jua kuchomoza, hewa ikiwa imetulia, huko Santa Monica, jirani na Los Angeles, chembe za barabara kuu zilipimwa hata zaidi ya kilomita moja. Anayetaka nimpimie kiwanja saa saba mchana tu, atafute mtu mwingine.

"Nafunga madirisha." Halafu unakaanga samaki humo humo! Moto wa gesi peke yake, hata bila sufuria, unatoa chembe hizi kwa wingi. Fungua dirisha la upande usio wa barabara, na ulifungue kabla ya kuwasha jiko.

"Barakoa haizuii vitu vidogo hivyo." Inazuia. Chembe ndogo mno huyumba ovyo na kunasa kwenye nyuzi. Zinazosumbua kichujio ni za ukubwa wa kati. Barakoa ya aina ya N95 inazikamata, mradi ibane vizuri usoni. Kwa wenye ndevu haibani.