Make imeisha bila kosa, je, programu imekamilika? Dhana potofu kuhusu kujenga Python kutoka msimbo chanzo

Anayejenga programu huria kwa mara ya kwanza huelekezwa kwa kifupi: fungua kifurushi, andika ./configure (hukagua mashine yako ina nini), kisha make (hujenga programu), kisha sudo make install (huiweka kwenye mfumo kwa mamlaka ya msimamizi). Maelekezo hayo si ya uongo. Ila kati ya make na install kuna hatua inayorukwa, ya kukagua na kujaribu kilichojengwa, na shida nyingi huanzia hapo. Natumia lugha ya programu ya Python kama mfano kwa sababu wengi hulazimika kuijenga wenyewe wanapohitaji toleo ambalo mfumo wao wa Linux, kama Debian au Ubuntu, hauna.

"Make ikiisha bila kosa, kazi imekwisha"

Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu siku nzima. Mtu ana seva mpya, ameweka gcc (kompaila, yaani kigeuza msimbo kuwa programu), make na vifurushi vichache tu. Configure inapita, make inapita, anaweka programu, anaita pip, chombo cha kupakua nyongeza za Python. Pip inagoma: haiwezi kufungua anwani ya HTTPS kwa sababu moduli ya ssl haipo. Anabaki kushangaa, maana OpenSSL, maktaba ambayo moduli hiyo huitegemea, anaiona kabisa kwenye seva hiyo.

Ukweli ni kwamba Python hujengwa kwa vipande. Kiini chake hakidai mengi, lakini ssl, sqlite3, bz2 na ctypes zinategemea maktaba zilizoandikwa na wengine. Maktaba hizo zisipopatikana, ujenzi hausimami. Moduli zinaachwa nje, na majina yake yanachapishwa mwishoni mwa make, pale ambapo jicho limeshachoka na mistari mia kadhaa iliyopita. Soma mistari hiyo ya mwisho kila mara.

Na kwa nini OpenSSL ipo lakini haionekani? Kwa sababu maktaba ina sehemu mbili. Ile inayoendesha programu zilizokwisha kujengwa ipo. Kompaila inataka pia faili za .h, zinazoeleza maktaba ina nini ndani na inaitwaje, na Debian huziweka katika kifurushi cha pembeni kiitwacho libssl-dev. Kwenye Fedora majina ya vifurushi vya aina hiyo huishia na -devel. Weka libssl-dev, libsqlite3-dev, libffi-dev, libbz2-dev na zlib1g-dev, kisha anza tena na ./configure yenyewe. Ukiwa na shaka configure ilikwama wapi, jibu limo katika config.log.

"Majaribio ni kazi ya walioandika programu"

Wao walijaribu kwao. Wewe una kompaila nyingine, maktaba za matoleo mengine, pengine hata kichakataji cha aina nyingine. Kompaila inaweza kukuhakikishia kwamba msimbo umefuata sarufi ya lugha, lakini haijui kama jibu litakalotoka ni sahihi. Ndiyo maana ipo make test kwenye Python, na make check kwenye programu nyingi za GNU. Huchukua muda, nakubali. Muda huo ni mdogo kuliko wa kutafuta kosa wiki mbili baadaye, programu ikiwa tayari inahudumia watu.

Hata hivyo matokeo yasomwe kwa makini. Jaribio lililorukwa halijafaulu. Kama ssl haikujengwa, majaribio yake yanarukwa, na ripoti ya mwisho bado inaweza kusema mambo ni shwari. Kwa upande mwingine, jaribio likifeli haimaanishi programu ni mbovu: huenda linahitaji intaneti ambayo seva yako imefungiwa. Liendeshe peke yake uone linalalamikia nini:

./python -m test -v test_ssl

"Fanya yote kwa sudo ili usisumbuliwe"

Hapana. Mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, yanahitajika pale tu unapoandika kwenye folda za mfumo, yaani hatua ya mwisho. Zaidi ya hapo, root huharibu majaribio: jaribio linalotazamia mtumiaji akataliwe kuandika faili haliwezi kufaulu, kwa kuwa root hakataliwi. Configure ya GNU tar hugoma kabisa ikiendeshwa na root mpaka uilazimishe.

Na mara nyingi hata hiyo hatua ya mwisho haihitaji sudo. Mpe configure --prefix=$HOME/python ili programu iwekwe kwenye folda yako mwenyewe, na siku ukiichoka unafuta folda moja. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Python haina make uninstall. Ukiiacha iende /usr/local, ambako ndiko huenda isipoambiwa vingine, itachanganyika na mengine yaliyomo. Kama lazima iende huko, andika make altinstall badala ya make install, ili amri ya python3 isichukuliwe na toleo lako jipya.

"Ukijijengea, inakuwa na kasi zaidi"

Inaweza kuwa kinyume. Python ya Debian hujengwa kwa mbinu ya kuiendesha kwanza, kupima sehemu zipi zinatumika sana, kisha kuijenga upya kwa kufuata vipimo hivyo. Ukiandika ./configure tupu, mbinu hiyo hukuipata. Iombe kwa --enable-optimizations, na uwe tayari kusubiri sana.

"Msimbo uko wazi, kwa hiyo ni salama"

Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuifikia kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Alipochimba akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya hila hiyo ilijificha katika faili za majaribio. Hati iliyoifungua ilikuwamo kwenye kifurushi cha kupakua, lakini haikuwamo kwenye hazina ya git ambayo watu huisoma. Mtunzaji wa xz aliyekuwa akitumia jina la Jia Tan ndiye aliyetia sahihi ya kidijitali kwenye vifurushi hivyo, na sahihi ilikuwa halali. Sahihi inakwambia nani alifunga mzigo, haikwambii ameweka nini ndani. Bado ihakiki, kwa sababu inazuia mtu wa tatu kuubadilisha mzigo njiani.

"Nikishaiweka, mfumo utaisasisha"

Apt, chombo cha Debian na Ubuntu cha kuweka na kusasisha programu, haiijui programu uliyojijengea. Pengo la usalama likizibwa katika Python, apt upgrade itagusa ile ya mfumo na kuiacha yako kama ilivyo. Basi andika mahali toleo ulilojenga, amri kamili ya configure na vifurushi vya -dev ulivyoweka, kwa sababu kazi ile ile utairudia toleo lijalo likitoka.