Democrats hawakumfukuza Manchin kwa sababu hawana uwezo huo, tuelewane leo

Naomba leo tulimalize hili. Kila nikitoka darasani, kila nikitoka redioni kwenye uchambuzi, na siku hizi mpaka kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mwanjelwa, nakutana na hoja ileile: chama cha Democrats cha Marekani ni legelege, kimegawanyika kati ya mrengo wa kushoto na mrengo wa kati, na kingekuwa na viongozi wenye msimamo wangewafukuza wanaokwamisha, kama Joe Manchin aliyekuwa seneta wa mrengo wa kati kutoka West Virginia, halafu chama kingesimama. Wengine wanataka wafukuzwe wa kati kwamba ni mapandikizi, wengine wanataka wafukuzwe wa kushoto kwamba wanawatisha wapiga kura. Diwani mmoja mstaafu ninayemheshimu sana amenimalizia kabisa juzi, "Mwalimu, chama kisichoweza kumfukuza mtu sio chama." Nikamwambia mzee wangu, kwa hapa kwetu uko sahihi, kwa kule umekosea kuanzia neno la kwanza.

Tunaisoma Marekani kwa katiba ya kwetu, hilo ndilo kosa. Hapa Tanzania Ibara ya 71 iko wazi, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekwisha, na mgombea binafsi hatuna, kwahiyo kadi ya chama ndiyo roho ya mwanasiasa na anayeishika kadi amekushika wewe. Zitto Kabwe alipovuliwa uanachama wa Chadema Machi 2015 ubunge nao ukaishia hapohapo, akaenda ACT-Wazalendo kuanza upya. Na hata asipofukuzwa mtu, mlango wa kutokea uko karibu. Lowassa jina lilikatwa Dodoma Julai 2015, kabla mwezi haujaisha yuko Chadema. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tumeyaona kwa macho, Mei 2024 Sugu alimshinda Mchungaji Msigwa kwenye uenyekiti wa Kanda ya Nyasa, Juni mwishoni Msigwa yuko CCM. Januari 2025 Lissu akamshinda Mbowe kwa kura 513 kwa 482, miezi michache baadaye kundi la G55 likabeba vitu vyake likaenda CHAUMMA. Mtu aliyekulia kwenye siasa hizi akisikia "mpasuko ndani ya chama" anajua mwisho wake ni wawili, kufukuzwa au kuhama. Namuelewa kabisa.

Sasa kule. Hakuna kadi, hakuna ada, hakuna tawi linalokupokea kwa wimbo. Kwenye majimbo mengi unajiandikisha kupiga kura na hapohapo unasema mimi ni Democrat, basi, na kwenye majimbo mengine kama Virginia hata hilo hawakuulizi. Kura za maoni kwa sehemu kubwa zinasimamiwa na serikali za majimbo, sio na chama, na ukishinda hakuna kamati kuu ya kukukata jina. Hebu rudieni hiyo sentensi mara mbili maana ndiyo inayobeba kila kitu. Juni 2018 Alexandria Ocasio-Cortez, binti wa miaka 28 aliyekuwa mhudumu wa baa, alimtoa Joe Crowley, mtu wa nne kwa ukubwa katika uongozi wa Democrats kwenye Baraza la Wawakilishi, kwa kura zisizofika 17,000, na hakuna kikao chochote duniani kilichokuwa na mamlaka ya kusema tumempitisha mshindi wa pili kwa maslahi ya chama. Na Bernie Sanders wa Vermont ambaye wengi mnamuita kiongozi wa mrengo wa kushoto wa Democrats, yuko Congress tangu 1991 kama mgombea binafsi! Anakaa na Democrats, anapewa kamati na Democrats, aliomba tiketi yao ya urais 2016 na 2020, ila kwenye ubunge na useneta hajawahi kuchaguliwa kama Democrat. Sasa utamfukuza kutoka wapi?

Haya, Manchin. Seneti ya 2021 ilikuwa 50 kwa 50, Democrats wakawa wengi kwa kura ya makamu wa rais Kamala Harris tu. Wangeweza kumnyang'anya uenyekiti wa kamati ya nishati, hilo chama kinaweza, lakini hawawezi kumnyang'anya kiti, na mtu mwenye kiti chake akiudhiwa anavuka upande wa pili wa ukumbi na wengi wote unahamia kwa Republican siku hiyohiyo. Sio nadharia hiyo, 2001 Jim Jeffords wa Vermont aliondoka Republican Seneti ikiwa 50 kwa 50 na uongozi wote wa Seneti ukahama naye. Kwahiyo mnaposema "wangemfukuza" mnachosema hasa ni kwamba wangempa Seneti Mitch McConnell, kiongozi wa Republican pale wakati huo.

Kinachonikera kuliko vyote ni neno pandikizi. Mtu wa mrengo wa kati anachukuliwa kama mtu asiye na imani yoyote, au amehongwa, au muoga. Jamani. West Virginia ni jimbo la makaa ya mawe, la pili kwa uzalishaji Marekani baada ya Wyoming, na mwaka 2020 Trump alipata karibu asilimia 69 ya kura pale. Wewe chukua mbunge anayetoka kule kwenye machimbo ya Kiwira, wapiga kura wake baba zao walichimba makaa, maduka yote ya pale yanaishi kwa mishahara ya makaa, halafu wenzake wa mjini wanamletea muswada unaosema makaa yaachwe. Atapigaje kura ya ndiyo na arudi nyumbani? Mrengo wa kushoto wanataka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu, vyuo bila ada, kodi kubwa kwa matajiri, hatua kali za tabianchi, na wengi wao wanatoka kwenye maeneo ya uchaguzi ambayo Republican hashindi hata iweje, Bronx, Queens, Minneapolis, Detroit. Hawa wa kati wanatoka kule ambako uchaguzi unashindaniwa kweli. Ukiwatoa hao hupati wa kushoto mahali pao, unapata Republican.

Na wao ndio wanaokufa kwanza, hili watu hawalioni. Kundi la Blue Dog, lile la wahafidhina wa Democrats lililoanza 1995, lilikuwa na wabunge zaidi ya 50 kabla ya uchaguzi wa 2010, upepo ulipogeuka karibu nusu wakaondoka kwa mkupuo mmoja. Kadhaa kati yao walikuwa wameipigia kura ya ndiyo bima ya afya ya Obama wakijua itawagharimu viti, na iliwagharimu. Muoga gani anafanya hivyo? Mimi binafsi sikubaliani na mambo mengi ya mrengo wa kati, nasema wazi, lakini siwezi kumsikia mtu anawaita wasaliti wakati ndio waliolipa bei.

Ila na mimi nisiwadanganye. Familia ya Manchin ilikuwa na biashara ya makaa, wakosoaji wake walilisema kila siku na walikuwa na haki ya kulisema. Je, alikuwa anawasemea wachimbaji au anasemea mfuko wake? Vitabu vinaandika "maslahi ya wapiga kura" kama kitu safi kinachopimika. Mpiga kura na mfuko wakitaka kitu kimoja hakuna kipimo kitakachokutenganishia, na mtu anayedai anacho nisingemuamini.

Tuje kwenye usiku wa Novemba 5, 2021, maana hapo ndipo unaona hawa watu wanavyobanana kweli. Kulikuwa na miswada miwili, wa miundombinu wa dola trilioni 1.2 ambao Seneti ilishaupitisha Agosti kwa 69 kwa 30, na ule mkubwa wa huduma za jamii na tabianchi, Build Back Better. Mrengo wa kushoto chini ya Pramila Jayapal walikuwa wameushikilia ule wa kwanza kwa miezi, hatupigi kura mpaka wa pili nao uje, kwasababu walijua wa kati wakishapata barabara na madaraja yao hawatakuwa na haraka tena na wa pili. Usiku ule wakaachia kwa ahadi ya wenzao. Matokeo 228 kwa 206. Sasa fanyeni hesabu, Democrats sita wa kushoto kabisa wakiwemo Ocasio-Cortez, Ilhan Omar na Rashida Tlaib walikataa, waliosema ndiyo upande wa Democrats ni 215, hawatoshi, muswada ukapita kwa kura za Republican 13. Desemba 19 Manchin akaenda kwenye televisheni akasema ule wa pili haungi mkono. Wale sita walikuwa wameona sawasawa, na hili nalisema kwa wale wanaowaita wa kushoto watoto wasiojua siasa. Walijua nguvu yao yote iko kwenye kuiunganisha miswada miwili, ukiitenganisha huna kitu mkononi.

Lakini hadithi haikuishia Desemba na hapa ndipo wengi mnapoachia redio. Julai 2022 Manchin na Chuck Schumer, kiongozi wa Democrats Seneti, wakakubaliana chemba, Agosti muswada uliopunguzwa ukapita Seneti 51 kwa 50, Harris akitoa kura ya mwisho. Ndani yake mamia ya mabilioni ya dola kwa nishati safi, serikali kuruhusiwa kujadiliana bei za baadhi ya dawa za wazee, insulini kwa wazee walioko Medicare, bima ya afya ya serikali ya wazee, isizidi dola 35 kwa mwezi. Kujadiliana bei za dawa mrengo wa kushoto walikuwa wanalililia kwa miaka. Sanders alisimama akasema muswada ni mdogo mno, akaleta marekebisho yake, yakakataliwa vibaya, halafu akapiga kura ya ndiyo. Mtu wa makaa na mtu wa Vermont kwenye kura moja. Hicho ndicho chama kule, hakuna kingine kilichofichwa nyuma yake.

Kuna na hili la kudhani kila ugomvi wao ni kushoto na kati. Hapana. Serikali yao ilipofungwa kwa kukosa bajeti siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025, waliovunja mstari upande wa Democrats Seneti wakakubali ifunguliwe walikuwa nane, na ukiwapanga kwa mrengo hawapangiki, yumo Dick Durbin ambaye ni mnadhimu wa chama na wala sio mtu wa kati, huku Elissa Slotkin ambaye ni wa kati haswa alikataa. Kinachowaunganisha wale nane ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anarudi kwa wapiga kura 2026. Siku hizi ugomvi mkubwa ni nani anapigana na nani anakubali yaishe, na umri umeingia humohumo.

Na Novemba 4, 2025, siku moja, mnakumbuka. New York wamemchagua Zohran Mamdani kuwa meya, mzaliwa wa Kampala, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani aliyefundisha pale Mlimani miaka ya 1970, msoshalisti anayejitangaza hadharani. Virginia siku hiyohiyo wamemchagua Abigail Spanberger kuwa gavana kwa zaidi ya asilimia 57, mtu wa kati, aliyekuwa CIA, ambaye baada ya uchaguzi wa 2020 aliwawakia wenzake waache kabisa habari za usoshalisti. Chama kimoja. Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa New York, alishindwa na Mamdani kwenye kura za maoni, kisha Cuomo akagombea dhidi yake kama mgombea binafsi, na hakuna aliyemuita kwenye kamati ya maadili. Jeffries, kiongozi wa Democrats kwenye Baraza la Wawakilishi na mwenyewe mtu wa New York, alimuunga mkono Mamdani chini ya wiki mbili tu kabla ya uchaguzi, Schumer hakumuunga mkono kabisa. Hapa kwetu hiyo ingekuwa vikao vya dharura wiki nzima.

Sasa mtaniuliza, kwahiyo wagombee wa kati au wa kushoto, nani anashinda? Hapo sina jibu safi na fani yangu haina. Tafiti nyingi zinaona wa kati wana faida kidogo, na kwamba faida hiyo imekuwa ikipungua jinsi watu wanavyozidi kupigia chama badala ya mtu. Lakini wa kati wanapelekwa kwenye maeneo magumu na wa kushoto wanashindia kwenye maeneo mepesi, ukilinganisha asilimia zao unalinganisha maeneo, sio watu. Manchin aliacha kugombea 2024, kiti cha West Virginia kikaenda kwa Jim Justice wa Republican bila jasho, na nadhani kitakaa huko muda mrefu. Kyrsten Sinema wa Arizona, mkwamishaji mwenzake Manchin, naye alijitoa chamani Desemba 2022 na hakugombea tena, na kiti chake kikachukuliwa 2024 na Ruben Gallego, aliyewahi kuwa kwenye kundi la Progressive, lile la wabunge wa mrengo wa kushoto, kwenye jimbo ambalo Trump alishinda siku hiyohiyo. Wakwamishaji wawili wameondoka, kiti kimoja kimepotea, kingine kimebaki. Mimi naamini West Virginia ilimhitaji mtu wa aina ya Manchin na Arizona haikumhitaji Sinema, kwasababu ya makaa kule na kwasababu ya miji inayokua haraka na Walatino huku. Mwenzangu tunayefundisha naye anasema Gallego alishinda kwasababu mpinzani wake Kari Lake alikuwa dhaifu na kwasababu Gallego mwenyewe alishasogea katikati kabla ya kampeni, na bado hatujakubaliana.