Besiboli na mbio za NASCAR: nani ana mashabiki wengi, na nani ana mashabiki waaminifu

Tarehe 2 Agosti 2025, timu mbili za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Atlanta Braves na Cincinnati Reds, zilipelekwa mahali ambapo timu za ligi hiyo hazikuwahi kuchezea: ndani ya uwanja wa mbio za magari wa Bristol, katika jimbo la Tennessee. Tiketi 91,032 ziliuzwa, na ikavunjwa rekodi ya mchezo wa msimu wa kawaida iliyokuwa mikononi mwa Cleveland tangu mwaka 1954, watu 84,587 walipoingia uwanjani. Mvua ikaukatiza mchezo ukiwa ndio kwanza umeanza, na kesho yake, Braves walipomalizia kazi kwa ushindi wa 4 kwa 2, viti vingi vilikuwa vitupu.

Shabiki wa besiboli atalichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba mchezo wake ungali na mvuto; shabiki wa mbio za magari atamjibu kwamba besiboli ililazimika kuazima nyumba ya jirani ili kuvunja rekodi yake yenyewe. Wote wawili wanapima kwa kipimo kisichofaa, na kosa hilo ndilo lililomo katika dhana nyingi zinazosikika kila michezo hii miwili inapolinganishwa. Sisi tuliokulia kwenye kandanda tuna kosa letu la ziada: tunadhani kwamba ushabiki wote una umbo la ushabiki wa Simba na Yanga, yaani klabu kwanza, mchezaji baadaye. Kwa besiboli kipimo hicho kinakaribia kufaa. Kwa NASCAR, yaani mbio hizo za magari za Marekani, hakifai.

Dhana: Mbio za NASCAR huvuta watu wengi viwanjani kuliko mchezo mwingine wowote Marekani

Dai hili lilisambaa sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati matangazo ya kibiashara ya mbio hizo yalipokuwa yakirudia kwamba kuna wapenzi milioni 75 nchini humo. Lina chembe ya ukweli. Ukichukua siku moja ya mbio na kuilinganisha na siku moja ya besiboli, mbio hushinda bila jasho: uwanja wa Daytona, hata baada ya kupunguzwa viti katika ukarabati uliokamilika mwaka 2016, una viti zaidi ya 100,000, ilhali Fenway Park ya Boston, uliofunguliwa mwaka 1912, haufikishi watu 38,000.

Lakini msimu wa daraja la juu la NASCAR una mbio 36 tu zinazohesabiwa katika kuwania ubingwa. Besiboli ina timu 30, kila moja hucheza michezo 162, na jumla yake ni michezo 2,430 kabla ya mchujo kuanza. Mwaka 2024 ligi hiyo ilihesabu tiketi zaidi ya milioni 71. Tufanye hesabu ya ukarimu: tuseme kila moja ya mbio zote 36 imejaza watu 100,000, jambo ambalo viwanja vingi haviwezi hata vikitaka. Tutapata milioni 3.6. Timu moja tu, Los Angeles Dodgers, iliuza tiketi zaidi ya milioni 3.9 nyumbani kwake mwaka huo huo.

Hesabu hiyo nayo isigeuzwe kuwa rungu. Tiketi si mtu. Mkazi wa Los Angeles anayekwenda uwanjani mara 20 huhesabiwa mara 20, na ligi ya besiboli huhesabu tiketi zilizouzwa, si watu waliopita mlangoni. Anayekwenda kwenye mbio za Talladega, Alabama, kwa upande wake, huenda akaendesha gari siku nzima, akapiga kambi siku tatu au nne, kisha asirudi hadi mwakani. Ni nani kati yao anayeupenda zaidi mchezo wake? Jedwali la mahudhurio halina jibu la swali hilo.

Dhana: Besiboli inakufa, na mbio za magari ndizo zinazopanda

Sentensi hii ilikuwa na mashiko mwaka 2005. Leo imepitwa na wakati, hasa katika nusu yake ya pili.

Ni kweli kwamba besiboli imepoteza enzi. Kura za maoni za Gallup za mwaka 1948 zilionyesha kwamba asilimia 39 ya Wamarekani waliitaja kuwa mchezo wanaoupenda zaidi kuutazama. Mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kupitwa na futiboli ya Kimarekani, na mwaka 2023 waliobaki wakiitaja walikuwa asilimia 10. Fainali za ubingwa wa besiboli, World Series, za mwaka 1978 zilitazamwa kwenye televisheni na watu wapatao milioni 44 kwa wastani, na zile za mwaka 2023 na milioni 9 tu. Mchezo wenyewe ulikuwa umerefuka hadi kuchosha, zaidi ya saa 3 kwa wastani mwaka 2022, mpaka ligi ilipoweka saa ya kumhimiza mrushaji wa mpira mwaka 2023: sekunde 15 za kurusha kama hakuna mkimbiaji kwenye vituo vya uwanja, 20 akiwapo. Dakika 24 zikapungua mara moja, na mahudhurio yakapanda msimu huo huo. Mchezo wa saba wa World Series ya mwaka 2025, kati ya Dodgers na Toronto Blue Jays, ulitazamwa na zaidi ya watu milioni 25 nchini Marekani peke yake. Maiti haifanyi hivyo.

Mbio za magari nazo zilipanda kweli. Mwaka 1979 televisheni ya CBS ilirusha Daytona 500, mbio mashuhuri kuliko zote za NASCAR, moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza, siku ambayo theluji ilikuwa imewafungia watu wengi wa mashariki majumbani. Katika mzunguko wa mwisho madereva Cale Yarborough na Donnie Allison waligongana, Richard Petty akapita na kushinda, na kamera zikawanasa waliogongana wakitwangana ngumi kwenye nyasi. Tangazo bora kuliko hilo lisingeweza kununuliwa. Kufikia mwaka 2006 Daytona 500 ilikuwa na watazamaji zaidi ya milioni 19 wa televisheni. Mwaka 2025 walikuwa chini ya milioni 7. Uwanja ule ule wa Bristol, ambao tangu mwaka 1982 ulikuwa umejaza viti vyake vyote kwa mbio 55 mfululizo, ulishindwa kufanya hivyo mwaka 2010, na viwanja kadhaa vimeng'oa majukwaa mazima.

Hata hivyo mikataba ya televisheni ya mwaka 2025 hadi 2031 ina thamani ya dola bilioni 7.7. Fedha huongezeka huku watazamaji wakipungua kwa sababu michezo ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo watu bado huvitazama kwa wakati mmoja, na watangazaji hulipia hilo. Kwa hiyo anayetumia ukubwa wa mkataba kuthibitisha umaarufu anathibitisha jambo jingine.

Dhana: Watu huenda kwenye mbio kusubiri ajali, kuyatazama magari ya dukani yakikata kona ya kushoto

Hapa hapahitaji maneno mengi. Magari hayo yalikuwa ya dukani mwaka 1949, na hata wakati huo mshindi wa mbio za kwanza, Glenn Dunnaway, alinyang'anywa ushindi kwa sababu springi za nyuma zilikuwa zimeongezewa nguvu kwa ufundi wa wasafirisha pombe haramu. Gari la leo limeundwa kwa ajili ya mbio tu, na tangu mwaka 2022 timu zote hununua sehemu nyingi kwa watengenezaji wale wale. Kona za kulia zipo katika viwanja vya Sonoma na Watkins Glen, na mwaka 2023 zilikuwapo hata katika barabara za katikati ya Chicago. Kuhusu ajali, shabiki anayejua jambo husikiliza redio ya dereva na fundi wake wakibishana juu ya tairi na mafuta.

Dhana: Besiboli ni ya Wamarekani wote, NASCAR ni ya Wazungu wa Kusini

Mizizi ya NASCAR, iliyosajiliwa mwaka 1948 chini ya Bill France huko Daytona Beach, iko Kusini, na bendera ya Shirikisho la waliopigania utumwa ilipepea viwanjani humo hadi ilipopigwa marufuku Juni 2020. Wendell Scott, dereva mweusi kutoka Virginia, alishinda mbio huko Jacksonville mwezi Desemba 1963, lakini kombe alikabidhiwa mwingine. Baadaye waamuzi walikiri kwamba Scott ndiye aliyeshinda, na familia yake ilipewa kombe rasmi mwaka 2021, karibu miaka 31 baada ya kifo chake. Mweusi wa pili kushinda katika daraja hilo, Bubba Wallace, alishinda Oktoba mwaka huo huo wa 2021. Aibu hiyo haifutiki kwa maelezo.

Lakini picha ya upande wa pili imepakwa rangi nzuri kupita kiasi. Besiboli huadhimisha kila tarehe 15 Aprili siku ambayo Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja mwiko wa rangi wa ligi hiyo, aliingia uwanjani mwaka 1947, na ina haki ya kuadhimisha. Hata hivyo, wachezaji weusi wazaliwa wa Marekani, ambao miaka ya 1980 ilipoanza walikaribia mmoja kati ya watano, leo ni takriban asilimia 6. Sura mbalimbali za ligi sasa zinatokana zaidi na Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Japani na kwingineko. Na timu anayoendeshea Wallace inamilikiwa kwa sehemu na Michael Jordan, yule yule ambaye aliacha mpira wa kikapu mwaka 1993 na mwaka uliofuata akajaribu besiboli huko Birmingham, Alabama, bila mafanikio makubwa.

Nje ya Marekani tofauti ni kubwa zaidi, na kwa mara moja jibu ni rahisi: besiboli imesafiri, NASCAR haijasafiri sana. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania, na hawakurudi mikono mitupu. Waliwafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2.

Dhana: Mashabiki wa mbio za magari ni waaminifu kuliko wote

Hii ndiyo dhana inayostahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa imejengwa juu ya jambo la kweli. Mshabiki wa NASCAR hununua bidhaa za mdhamini wa dereva wake kwa makusudi, kama anayelipa ada. Hubishana kuhusu Ford na Chevrolet kama wengine wanavyobishana kuhusu dini, na Toyota ilipoingia daraja la juu mwaka 2007 wapo waliohisi kwamba mgeni ameingia sebuleni bila kubisha hodi. Dereva Dale Earnhardt alipofariki katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, tarehe 18 Februari 2001, majukwaa yalichukua desturi ya kusimama kimya katika mzunguko wa tatu wa kila mbio, vidole vitatu vikiwa juu, kwa heshima ya gari lake namba 3.

Uaminifu huo, hata hivyo, ni kwa mtu. Mwanawe, Dale Earnhardt Jr., aliondoka katika timu iliyobeba jina la baba yake mwishoni mwa mwaka 2007 na kuhamia timu ya Hendrick, akaacha namba 8 na kuchukua 88. Mashabiki walinunua fulana mpya na kumfuata. Alichaguliwa kuwa dereva anayependwa zaidi miaka 15 mfululizo, hadi mwaka 2017. Mlinganishe na mchezaji wa besiboli Johnny Damon, aliyeisaidia Boston Red Sox kutwaa ubingwa wa mwaka 2004, wa kwanza kwao tangu 1918. Alipojiunga na New York Yankees na kurudi Fenway akiwa mpinzani mwaka 2006, alizomewa. Shabiki wa Boston hakumfuata hata hatua moja, maana kwake mtu ni mpangaji, timu ndiyo nyumba.

Tofauti hiyo inaeleza mengi yanayodhaniwa kuwa usaliti. Jeff Gordon, Tony Stewart, Carl Edwards na Earnhardt Jr. waliacha kushindana muda wote kati ya mwaka 2015 na 2017, na wapenzi wao wengi wakaondoka nao. Hawakuvunja ahadi yoyote. Waliyeahidiana naye hakuwapo tena. Waliobaki wengi walitafuta ukoo: aliyepokea taji la kupendwa zaidi mwaka 2018 ni Chase Elliott, mtoto wa Bill Elliott, aliyekuwa amelishika mara 16. Namba 3 yenyewe ilirudi barabarani mwaka 2014 ikiendeshwa na mjukuu wa mwenye timu aliyoiendeshea Earnhardt, na si wote waliopenda kuiona.

Wapenzi wa Chicago Cubs walisubiri ubingwa kutoka mwaka 1908 hadi 2016, wakirithishana subira. Huo ni uaminifu usiotegemea ushindi wala maisha ya mtu mmoja, lakini una udhaifu wake, nao ni mmiliki wa timu. Mgomo wa wachezaji wa mwaka 1994 ulipofuta World Series kwa mara ya kwanza tangu 1904, wastani wa mahudhurio ulishuka kwa takriban asilimia 20 msimu uliofuata. Brooklyn, huko New York, ilinyang'anywa Dodgers, waliohamishiwa Los Angeles, baada ya msimu wa 1957. Na huko Oakland, Juni 2023, mmiliki alipokuwa akipanga kuihamisha timu ya Athletics, mashabiki 27,759 walikwenda uwanjani kwa makusudi ili kuonyesha kwamba tatizo halikuwa wao, wakimtaka mmiliki aiuze timu. Hakuiuza. Tarehe 26 Septemba 2024 watu 46,889 walijaza uwanja kuiaga. Timu sasa inachezea Sacramento ikisubiri kuhamia Las Vegas, inajiita Athletics bila jina la mji wowote, na shabiki wa Oakland aliyefunzwa tangu utotoni kwamba wachezaji huja na kuondoka ilhali timu hubaki, hana dereva wa kumfuata.